Mstari wa Hamisi

Shangani, Unguja
Jumatano, Mfunguo Saba

Kwa Dada yangu Mwanvua, Ujiji.

Shikamoo Dada. Mikono yangu bado ina harufu ya sabuni. Nimemaliza kufua sasa hivi nikasema niandike hapo hapo, maana nikipumzika kidogo tu nitaahirisha tena, na nimeahirisha vya kutosha. Mimi mzima wa mwili, Alhamdulillahi. Kipupwe kimeingia, asubuhi mtu unajitanda kanga mbili. Na wewe mgongo wako? Ulisema unakuuma ukiinama kuanika dagaa. Usiiname basi, waambie watoto. Na Mama? Presha imetulia? Macho yake bado yanaona mwanga wa mlango, au hata huo sasa ni wa kuambiwa?

Dada, kabla hujaendelea, simama. Barua hii usiisome ukumbini. Nakuoneni hivi: Mama kwenye kiti chake cha kamba, wifi yetu Zuhura na sindano yake mkekani, watoto wamekaa vizuri kwa mara moja, wote wanangoja usome. Waambie mwandiko wangu wa leo mbaya, utaupitia kwanza peke yako. Nenda uani, ukae nyuma ya jiko.

Umekaa?

Hamisi hayupo, Dada. Ndugu yetu Hamisi alikwisha kufa.

Alianguka kwenye mkarafuu huko Kidichi, msimu wa mwaka juzi, Jumanne, kabla ya Alasiri. Alikwenda kuchuma na wenzake wa kambi. Wewe hujauona mkarafuu. Unapendeza, unanukia, lakini tawi lake halipindi likakuonya, linakatika mara moja kama mkate mkavu. Nilipofika walikuwa wameshamwosha. Niliuona uso wake. Alikuwa kama mtu aliyeitwa jina, anajiuliza aitike au asiitike. Wakamzika huko huko, na dua akasomewa na watu wema wasiomjua mama yake wala kwao.

Wiki ile ile ndiyo ilifika barua yako kwamba Mama kaanguka na presha, na mganga wa hospitali kasema asipewe habari yoyote ya kushtua. Nikakaa na kalamu. Nikaandika habari za mvua, na mwisho nikaandika: Hamisi naye hajambo, anakusalimuni nyote. Nikajiambia ni mara moja tu, mpaka Mama ainuke. Ukanijibu kwamba Mama kainuka, na kilichomwinua ni salamu za Hamisi. Ukasema kila barua ikifika sasa anakuomba umshike kidole, umwekee juu ya mstari wa Hamisi, naye anausugua polepole kama anapapasa kichwa cha mtoto. Dada yangu, baada ya hapo ningeandika nini?

Nimeuandika mstari ule mara kumi na moja. Ile doti ya kanga ya Idi niliyosema imetoka kwa Hamisi, niliichagua mimi dukani Darajani. Halafu Zuhura akamshonea mumewe kofia, ile aliyoileta yule mtu wa reli, ya vitundu vidogo vidogo, kazi ya miezi. Nilipoifungua nilikaa chini. Ilikaa ndani ya sanduku langu, chini ya sanda niliyojiwekea, na mpaka leo sikuthubutu kuitazama mara ya pili.

Na barua yako ya mwisho ndiyo imenimaliza. Umeandika kwa kucheka kwamba yule fundi cherehani wa sokoni alituma mtu kumuulizia Zuhura, na Zuhura akatoka jikoni na mwiko mkononi: "Mwambieni mimi mke wa mtu!" Nyie mkacheka. Mimi nilisoma hapo nikaona nimemfungia mwanamke mlango kwa nje na kuondoka na ufunguo.

Sasa nataka ujue ujasiri wa kukwambia nimeupata wapi, maana si wangu. Umetoka mbali sana, kwenye nchi ya barafu. Nivumilie nikusimulie, na wewe upate kuvuta pumzi kabla ya kurudi ukumbini.

Unajua nafanya kazi kwa daktari mwanamke wa Kijerumani, ghorofa ya tatu. Kaletwa na serikali yao, kama wale wenzake wanaojenga majumba Kikwajuni. Sikukwambia kwamba daktari ana baba. Mzee mjane, anakaribia miaka themanini, jina lake Otto. Alimfuata binti yake kwa sababu, anasema, ameshakula baridi ya kutosha, sasa anataka afe na jua. Kiswahili kajifunza kwa kitabu na kwa muuza kahawa wa hapo chini barazani, kwa hiyo maneno ya kikadhi na matusi anayachanganya bila kujua tofauti. Akiitwa anaitika "Naam!" kwa sauti mpaka kunguru wanaruka. Mtaani wanamwita Bwana Barafu.

Barafu yenyewe ni hivi. Ujanani, kabla ya vita vile vya kwanza vya Wajerumani na Waingereza, alipelekwa na wakubwa wa elimu wa kwao kwenye visiwa vya kaskazini kabisa, huko dunia inakokaribia kwisha. Hawakufuata dhahabu, hawakufuata samaki. Walikwenda kupima. Kupima baridi, kupima upepo, kupima hewa ya juu.

Nikamuuliza, "Kwa nini, Bwana?"

"Ili ijulikane, Bi Chausiku."

"Ijulikane, kisha?"

"Kisha basi. Ijulikane tu."

Nilicheka mpaka pasi ikaniunguzia shati la daktari. Lakini Dada, neno lile lilinikaa. Mtu aache mama yake, avuke bahari, akae kizani, ili jambo lijulikane tu.

Maana ni kizani kweli. Anasema jua la huko huaga kama mgeni. Kwanza linachungulia adhuhuri, kesho yake linachungulia kidogo kuliko jana, mwisho linatoa ukingo mmoja tu wa jicho, kisha haliji tena kwa miezi mitatu na zaidi. Mchana ni usiku. Bahari inaganda mpaka mtu anatembea juu yake na mbwa na mizigo, na barafu ile haikai kimya. Inaimba, inanguruma, mara nyingine inalia kama mlango wa msikitini usiotiwa mafuta. Pumzi yako ikitoka inageuka vumbi, unaisikia ikidondoka. Na juu, mbinguni, siku nyingine hutokea mwanga wa kijani, mrefu, unajikunjua na kujikunja kama kanga iliyoanikwa na mtu usiyemwona. Wanakaa kuutazama mpaka kope zinashikana.

Mimi hayo nayasikia huku napiga pasi ya makaa, jasho linanitiririka. Mara nyingine, baada ya chakula cha mchana, nikijinyoosha kidogo, ninaota nipo huko. Kweupe kila mahali na hakuna baridi, na mbali naona mtu anatembea na pakacha lake la karafuu begani, kavaa msuli, miguu mitupu. Namwita. Hageuki. Harufu ya karafuu inabaki. Nikiamka naikuta kweli, maana wameanika barabarani.

Nikamuuliza Mzee, huko kusikopambazuka, mtu anasali Alfajiri saa ngapi? Akasema hakuna aliyewahi kumuuliza swali zuri kama hilo. Nikampelekea Maalim wetu wa msikiti wa hapa nyuma. Maalim akasema mtu hukadiria. Hutazama saa za nchi ya jirani yenye jua, akasali kwa saa hizo na Mola anapokea. Niliporudi na jibu hilo Mzee alifurahi kama kaletewa zawadi. "Naam! Saa! Kila kitu huko ni saa. Bila saa mtu anayeyuka."

Walikuwa wanapandisha tiara, Dada. Tiara hizi hizi wanazorusha watoto Mnazi Mmoja, lakini kubwa kuliko kitanda, zimefungwa uzi wa chuma, zimebeba kisanduku cha kupimia hewa ya juu. Nikamwambia, "Yaani serikali iliwatuma mkacheze tiara?" Akasema, "Naam! Na mshahara juu!" Tukacheka. Lakini kila akizisema tiara, mkono wake unakwenda kwenye goti na kulisugua, na hadithi inaishia hapo.

Mpaka leo Mzee yule anapima. Hapa Unguja, juu ya dari pale ninapoanika nguo, seremala alimtengenezea kisanduku cheupe chenye miguu na ndani mna kipimajoto. Mara tatu kwa siku anakitazama na kuandika kwenye daftari. Hapeleki popote. Ni mazoea tu, kama mtu na tasbihi yake. Mwaka jana, goti lilipovimba akashindwa ngazi, akaniita.

"Bi Chausiku, utapanda wewe. Asubuhi mapema, mchana baada ya Adhuhuri, na baada ya Isha. Andika saa, andika nyuzi. Usiandike ambacho hukukiona."

Hilo la mwisho alilisema anatazama dirishani.

Nikafanya miezi mitatu. Najivunia, Dada. Darasa la nne langu lile nililoliona limelala bure, likaamka. Nilipanda hata siku ya mvua, na sinia kichwani. Mwezi wa Mlisho, kabla ya Ramadhani, goti likapoa kidogo, akaomba daftari. Akavaa miwani, akasoma, akaguna.

"Bi Chausiku. Wewe hulali?"

"Nalala, Bwana, vizuri."

"Hapa unapima usiku wa manane. Halafu tena kabla ya Alfajiri. Na mchana hupimi kabisa! Masikini, nani alikwambia upande ngazi usiku?"

Kumbe Dada, nimeandika saa zetu. Kwao wao, saa moja yetu ya asubuhi wanaiita saba. Mimi nimeona mshale uko kwenye saba nikasoma moja, kama tulivyozaliwa tukasoma, nikaandika moja. Yeye kaiona moja akadhani ni moja ya kwao, ambayo ni usiku mkubwa watu wamelala. Miezi mitatu, mistari mitatu kila siku, yote imekwenda kombo kwa saa sita! Nikasema, "Bwana nisamehe, nimekuharibia kitabu chako."

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakohoa, nikamletea maji. Kisha kicheko kikakatika, ghafla.

"Nyuzi hizi uliziona kwa macho?"

"Niliziona."

"Zote?"

"Wallahi, zote."

"Basi hujaharibu kitu. Hiki ni kitabu cha kweli. Saa nitazihamisha kwa kalamu nyekundu, kazi ya asubuhi moja." Akavua miwani. "Mimi ninacho kitabu kingine, saa zake zote ziko sawasawa, na nyuzi zake za uongo. Hicho hakihamishiki."

Ndipo akanieleza, Dada. Mimi nimesimama, nguo za kupiga pasi nimezikumbatia, sikupata hata akili ya kuziweka.

Majira yale ya giza walibaki wawili kwenye nyumba ya mbao, yeye na rafiki yake kijana, Emil. Wengine walikwenda na mbwa kituo cha pili. Kazi yao kupima kwa zamu, na kila mstari wa kitabu aliyepima anaweka herufi ya jina lake. Siku moja tiara ikakata uzi ikaondoka na kisanduku. Emil akachukua taa akaifuata juu ya barafu. Otto alibaki, zamu ya kupima ilikuwa yake. Aliiona taa ikawa ndogo, ikawa kama mbegu ya ufuta, kisha upepo ukainuka na taa haikuonekana tena. Alipiga bunduki. Alipiga kelele. Alitoka hatua chache akarudi, akatoka tena akarudi. Kisha akajifunika mablanketi, akalala siku tisa. Hakutafuta tena, hakupima. Aliogopa, Dada. Kijana wa miaka ishirini na kitu, giza, peke yake.

Upepo ulipotulia akainuka akakiona kitabu, siku tisa tupu. Akajua wenzake wakirudi watauliza: siku tisa ulikuwa wapi? Akachukua kalamu. Akaitunga baridi ya siku tisa, inapanda kidogo, inashuka kidogo, nzuri kabisa. Na kwenye zamu za Emil, akaandika herufi ya Emil.

"Nilimweka hai siku tisa kitabuni," akaniambia. "Kitabu kikachapwa. Mama yake Emil akapewa tarehe ya kufa mwanawe, ile ya kitabu. Kila mwaka mpaka anakufa aliwasha mshumaa wake siku ambayo siyo."

Zile nguo zilianguka. Sikuziokota. Nikasema, "Bwana, na mimi ninaye mtu niliyemweka hai kitabuni."

Nikamweleza Hamisi, mkarafuu, Mama na kidole chake. Hakunipa pole wala hakunikaripia. Aliuliza kama mtu wa vipimo: "Mistari mingapi?"

"Mpaka sasa kumi."

"Mimi siku tisa," akasema. "Umenishinda."

Tulicheka, Dada. Mungu atusamehe, tulicheka na machozi yanatoka.

Tukakubaliana kila mtu aandike barua yake, meza moja, siku moja. Yeye akaandika, kurasa mbili, kwa wakubwa wa elimu wenye kile kitabu. Mimi kalamu iliniganda. Nikaandika "Dada yangu mpenzi" na sikuvuka hapo. Siku chache baadaye nikakuandikia barua ile unayoijua, na mwisho wake nikaweka mstari wa kumi na moja. Nimeshamsikia Mzee yote yale, na bado nikauweka.

Daktari alipoiona bahasha ya baba yake alikasirika. Walianza kwa Kijerumani, Mzee akamkata: "Sema Kiswahili, shahidi wangu asikie."

"Baba, wale watu wote wamekufa. Utajichafulia jina bure, kwa ajili ya nani?"

"Mimi sijafa."

"Ni miaka hamsini na zaidi!"

"Naam. Ndiyo maana nina haraka."

Daktari akanigeukia: "Bi Chausiku, mwambie wewe, wewe mtu wa dini." Nilichukua bahasha, nikajitanda buibui, nikaenda kuitia posta. Njia nzima niliiona nzito kuliko ndoo ya maji.

Ikapita Ramadhani, zikapita Idi zote mbili, kimya. Mzee akawa anakonda. Akisikia mtu wa barua ngazini anashika kiti kwa mikono miwili. Nikimpelekea uji ananiuliza, "Watasema nini, Bi Chausiku?" Mimi namwambia, subiri, na moyoni najiuliza nyie mtasema nini.

Jibu lilikuja mwezi uliopita, huo wa Maulidi, mistari minne tu. Wamemshukuru. Wamekifungua kitabu, zile siku tisa wamezikata kwa wino, na pembeni wameandika: hakuna kipimo. Na binti wa dada yake Emil yupo hai. Wamempelekea siku ya kweli.

Mzee akanitafsiria mara mbili. Kisha akataka nimpandishe juu darini. Nilimshika mkono, ngazi moja moja. Akasimama pale penye kisanduku chake cheupe, upepo unapiga nguo zangu kambani, akatazama kaskazini, upande wa baharini, kwa muda mrefu.

"Sasa Emil ana mahali pake," akasema. "Siku tisa nzima, hakuna wa kumsumbua."

Tangu siku hiyo ananiuliza kila asubuhi, "Umeandika?" Namjibu, "Kesho, Bwana." Jana akaniambia, "Mimi Emil nilimwambia kesho mpaka nikaota mvi." Mkataba wa daktari umekwisha, Jumamosi wanaondoka na ndege, na Mzee kasema haondoki mpaka aione bahasha yangu. Kipimajoto ananiachia, na daftari. Nikamuuliza, niandike saa zenu au zetu? Akasema, "Zako. Andika ulichokiona tu."

Basi naandika nilichokiona.

Dada, mambo matatu nakuomba, na yote ni mazito, nayatua kwako kwa kuwa ndiwe mkubwa wetu.

Zuhura kwanza. Nilikwenda kwa Maalim, nikamweleza kila kitu, macho chini. Akasema eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, kwa hiyo ya kwake ilishapita zamani, hana deni la kukaa ndani, ni mwanamke huru. Akasema na mimi: "Kama ulimfunga kwa barua, mfungue kwa barua." Mwoneshe hapa, mwenyewe asome: Zuhura mdogo wangu, mumeo alikufa anakutaja. Hilo sikulitunga, Dada, mwenzake aliyekuwa mti wa pili alilisikia; alikuwa akisema msimu huu ukiisha ataenda kumwona Zuhura wake. Akitaka kulia, alie sasa kilio nilichomnyima. Akitaka kunichukia, ana haki. Na yule fundi cherehani, msimcheke tena. Kofia nimeifunga humu ndani ya kifurushi, haikuvaliwa. Ni yake, ajue mwenyewe wa kumvika.

La pili, msomeeni khitma. Karibu miaka miwili mtoto wa watu yuko chini ya ardhi na hakuna mkono wa nyumbani uliomwinulia dua ila huu wangu wenye uongo. Jumanne, kabla ya Alasiri, ndiyo siku yake ya kweli.

La tatu ni Mama. Nimefikiri sana nikuombe umfiche. Kisha nikakumbuka mama yake Emil na mshumaa wake. Tafuteni siku presha imetulia, aweko jirani yetu anayesoma Yasini vizuri, na yule mganga awe karibu. Nitakie radhi kwake. Mwambie Chausiku alimpenda vibaya.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na umwambie asikukataze kulia. Msalimie Maalim wa chuo aliyetufundisha mimi na Hamisi alifu kwenye ubao mmoja. Wasalimie watoto wako wote, na mkubwa wao aache kumkimbiza mbuzi wa jirani. Msalimie Zuhura, ikiwa atazipokea salamu zangu.

Mwandiko umeanza kupinda, saa nane imefika, lazima nipande juu nikapime. Asubuhi saa moja ilikuwa nyuzi ishirini na tatu. Niliiona kwa macho yangu.

Na chini ya hapa, Dada, ndipo nilipokuwa nikiandika salamu za Hamisi. Leo nimeacha mstari mmoja, sikuandika kitu. Ukishamwambia Mama, akinyoosha kidole chake kama kawaida, usimnyime. Kishike, kiweke hapo.

 

Mimi mdogo wako,
Chausiku